Nilishinda dibeti kwa stori ya bibi, sasa bibi haongei na mimi

Shikamoo anti. Mimi ni mvulana wa miaka 16 nipo fomu 3 hapa Mwanza, naomba usitaje jina langu wala shule maana hii ishu imeshafika mbali kuliko nilivyotaka. Nakuandikia saa 5 usiku kwa simu ya mama, yeye kalala, bibi yupo chumba cha pili na najua hajalala kwasababu namsikia anakohoa.

Iko hivi. Shuleni kwetu ijumaa mchana huwa kuna dibeti. Kawaida ni kiingereza tupu kwahiyo wanaongea walewale watano na wengine wote tunapiga makofi tu, ila ijumaa ile ya tarehe 24 Aprili watu walikuwa wanalalamika kwamba Muungano mwaka huu umeangukia jumapili, sikukuu imeliwa, hatupumziki. Ticha wa kiswahili akasikia akasema haya kama mnapenda sana sikukuu leo tunabishana kwa kiswahili na kila mtu aongee, mada ni "Taifa liongeze siku moja ya mapumziko". Mimi nikapangwa upande wa kuunga mkono.

Wa kwanza upande wetu akasema iwe siku ya Simba na Yanga, watu wakacheka mpaka ticha akapiga meza. Wa pili akataka siku ya walimu. Mimi nikasema 21 Mei, siku iliyozama meli ya MV Bukoba hapa Ziwa Victoria mwaka 1996, na mwaka huu inatimiza miaka 30. Darasa likatulia kidogo maana hapa kwetu kila mtu ana ndugu au jirani aliyepotelea mule.

Upande wa kupinga alikuwepo dada mkuu, huyo kichwa anti, hana mchezo. Akasema sikukuu za kitaifa tu ukitoa za dini na Mwaka Mpya tunazo 8 tayari, akazihesabu kwa vidole, Mapinduzi, Karume, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere, Uhuru. Akasema mama yake anauza chai na maandazi karibu na ofisi za serikali, siku ofisi zikifungwa maandazi yanarudi nyumbani wanakula wenyewe. Halafu akasema tukiipa 21 Mei siku yake, waliokufa kwenye treni Dodoma tarehe 24 Juni 2002 tutawaambia nini? Na waliokufa MV Nyerere 2018? Na wale wa moto wa lori la mafuta Morogoro 2019? Mwaka mzima utakuwa wa kulia. Watu wakashangilia sana, nikaona kabisa tumeshapigwa.

Ndo nikasimama tena nikaongea kuhusu babu.

Babu mzaa mama alikuwa mule. Alikuwa ameenda Bukoba kumuona dada yake anaumwa, kurudi akapanda daraja la tatu pamoja na mikungu ya ndizi aliyopewa. Mimi nimezaliwa miaka mingi baadae, nilikuwa najua tu kwamba babu alizama na tunaenda makaburini Igoma kila mwaka kuweka maua. Sasa mwezi wa pili umeme ulikatika, bibi alikuwa anachambua dagaa na mimi nammulikia kwa tochi ya simu, hata sikumuuliza kitu akaanza kuongea mwenyewe. Akasema siku ya tatu ndo alifika uwanjani walikopanga miili, na nyuso zilikuwa zimevimba hazitambuliki, akawa anapita anaangalia mashati. Wiki moja kabla babu hajasafiri alikuwa amemshonea kifungo cha shati kwa uzi mwekundu kwasababu nyumbani hakukuwa na uzi mweupe, na babu alilalamika kwamba atachekwa. Akapita pita mpaka akaona shati lina kifungo cha uzi mwekundu, akasema huyu ni wangu. Wakamuuliza una uhakika mama, akasema huyu ni wangu.

Lakini watoto wake, yani mama na mjomba, waliokuwa wadogo, aliwaambia nimemuona baba yenu, uso wake ulikuwa mzuri kama kalala. Miaka yote wao wanajua hivyo. Alipomaliza akasema "haya, nimekwambia wewe", akaendelea na dagaa zake. Hakusema nisimwambie mtu anti, nakuapia hakusema, mimi nikaona ni maneno ya kumalizia stori tu.

Basi mimi nikayasema yote mbele ya darasa, kifungo, uzi mwekundu, kuvimba, yote. Nikamalizia kwamba babu yangu hakuandikwa kwenye orodha yoyote, kifungo ndo kitambulisho chake, kwahiyo taifa limpe angalau siku moja. Wasichana wakalia, dada mkuu akaweka karatasi yake chini hakujibu. Kura tukapata 58 kwa 19. Nilitoka pale najiona mkubwa, siwezi kukudanganya.

Sikujua ticha amerekodi kwa simu yake. Jioni video ikawa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kaandika "hongereni wazazi, huyu kijana ni hazina". Mama akaiona akiwa kwenye daladala. Jumapili mama mmoja wa jumuiya akamshika bibi mkono baada ya misa akamwambia pole sana mama, kumbe ulimtambua kwa kifungo. Hapo ndo bibi alijua. Na mchana mjomba akaja kutoka Buhongwa, hakusalimia, kasimama mlangoni akamwambia bibi, "Mama, kwahiyo miaka yote hii tunamuwekea maua mtu tusiyemjua?" Bibi hakujibu kitu, alichukua kitenge chake akaingia ndani.

Sasa imepita zaidi ya wiki. Ananiambia "chakula kipo" na "funga mlango", basi. Mjomba kasema mwaka huu Igoma haendi. Mama anasema niache kwanza mambo yapoe ila yeye mwenyewe namuona analia akiwa anafua. Na juu ya hayo shule imenichagua nikawakilishe kwenye mashindano ya shule na shule jumamosi tarehe 23 Mei, ticha kasema niseme vilevile nisibadilishe hata nukta.

Nifanyeje anti? Nijitoe? Nikijitoa shule nzima itaniona muoga. Bibi nimwambie nini maana kila nikijiandaa nikifika mlangoni kwake maneno yanaisha. Na je nilikosea kutaka ile siku? Maana mimi bado naamini inastahili.

Mjukuu, Mabatini

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nilishindwa kuimaliza nikaenda kukaa nje.

Mimi siku ile nilikuwa darasa la tano hapahapa Mwanza. Ilikuwa jumanne asubuhi, tupo kwenye hesabu, walimu wakaanza kutoka mmoja mmoja wanasimama barazani wanaongea kwa sauti ya chini, halafu mwalimu wetu akarudi akafuta ubao bila hata kutuuliza kama tumemaliza kunakili. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na redio imewashwa na hakuna aliyeifunika kwa kelele nyingine. Mama yangu hakununua samaki kwa miezi, sio sato, sio sangara, hata dagaa, na mimi mtoto nilikuwa nauliza kwanini tunakula maharage kila siku mpaka dada yangu akanifinya. Kwahiyo bibi yako simjui ila namjua.

Naanza na yeye, mashindano yatasubiri.

Unasema hakukukataza. Mwanangu, bibi akimaliza kuongea akasema "haya, nimekwambia wewe", hapo kashafunga na kufuli. Wewe. Hakusema nimekwambia tu, na mama yako alikuwa humohumo ndani mwaka wote na hakuambiwa. Sikulaumu kwa kutolielewa, una miaka 16 na watu wa rika lako mmezoea kwamba jambo likishasemwa ni la wote, ila kuanzia leo lijue, maana wazee wetu wengi hawasemi "usimwambie mtu", wanaona hilo neno ni la kumdharau unayemwambia.

Na usije ukamuita muongo hata moyoni. Fikiria mwanamke kaachwa na watoto wadogo, mume wake kapanda daraja la tatu ambalo halikuwa na orodha ya majina, hakuna karatasi popote inayosema fulani alikuwemo, anachoweza kukishika ni uzi wake mwenyewe. Angewaambia nini watoto? Aliwapa uso wa kuuaga, uvimbe akabaki nao yeye, miaka 30. Alipochoka kuubeba peke yake akakuchagua wewe uliyekuwa unammulikia tochi, na huo ni mzigo mzito ila ni heshima pia, sidhani kama kuna mtu amewahi kukuheshimu hivyo.

Sasa utamwambia nini. Hayo maneno yanaisha mlangoni kwasababu unabeba mengi, unataka kumweleza kwamba hukujua ticha anarekodi, kwamba nia ilikuwa nzuri, kwamba watu walilia, kwamba umeshinda. Hayo yote acha nje. Nunua dagaa, au kama zipo ndani chukua ungo ukae kwenye mkeka karibu yake uanze kuchambua, usianze kuongea mpaka uone kakuzoea hapo. Halafu sema, "Bibi, nilichukua neno lako nikalipeleka kwa watu bila kukuomba. Nisamehe." Basi. Usiweke "ila", usiweke "lakini ticha". Anaweza akanyamaza, anaweza akakufukuza, anaweza akakuambia toa mawe vizuri hizo dagaa, chochote atakachosema kichukue. Na siku hiyo usimtajie kabisa mashindano, akihisi umekuja kuomba msamaha ili upate ruhusa utakuwa umeharibu mara ya pili na hii ya pili haiponi haraka.

Mjomba usimfuate. Najua kinakuuma na unaona wewe ndo umewasha moto kwahiyo uuzime, ila maneno yako na mjomba sasa hivi yatakuwa petroli. Yule ni mtoto aliyeagwa na uso wa baba yake halafu akanyang'anywa kwenye simu, kwenye grupu, mbele ya wazazi wa watu. Ana haki ya kukasirika ingawa pale mlangoni alimkosea mama yake. Mwambie mama yako, na hili nalisema nikijua atalisoma, kwamba "mambo yapoe" haitoshi, yeye ndo dada mtu, aende Buhongwa akakae na kaka yake. Akamwambie hivi: aliyeshona kile kifungo ni mama, na aliyekitambua ni mama huyohuyo. Kwa siku zile ambapo watu wengi walizikwa pamoja Igoma bila hata jina, uzi mwekundu ulikuwa ushahidi mkubwa.

Ticha naye ana sehemu yake na nasema hili bila kumvunjia heshima. Mtu mzima akisikia mtoto anaeleza maiti ya babu yake, kabla ya kubonyeza "tuma" anauliza kwanza nyumbani wanajua? Nenda kwake na mama, msiende kwa shari, mumuombe aifute ile video kwenye grupu na awaombe waliyoihifadhi waifute. Haitafutika kote lakini bibi atajua kuna mtu alijaribu.

Sasa mashindano. Usijitoe kwa kuogopa watu watakuita muoga, na pia usiende kwa kuogopa hilohilo. Ukishaongea na bibi, zikapita siku mbili tatu, muulize kwa mdomo wako. Akisema sema, utasema. Akisema hapana, au akanyamaza, kimya chake kihesabu ni hapana, kifungo kinabaki kwake na wewe unasimama na hoja zako. Na hoja unazo mwanangu, hukuhitaji kifungo, ulikitumia kwasababu dada mkuu alikuwa amekubana na ukaona njia ya mkato. Hukumjibu lile swali lake hata moja, ulimnyamazisha tu kwa machozi.

Ngoja nikupe vya kubeba, na hivi ni vya watu wote hakuna wa kukulaumu. MV Bukoba ilikuwa meli ya abiria 430. Walioandikwa wa daraja la kwanza na la pili walijulikana, wa daraja la tatu hawakuandikwa, ndo maana mpaka leo idadi ya waliokufa kila mtu anaitaja yake na wote tunakubaliana tu kwamba ni mamia. Ilipinduka ikaelea tumbo juu, walionaswa ndani wakawa wanagonga, likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Rais Mkapa akatangaza maombolezo siku 3. Halafu hesabu miaka 22, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kinakaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara kikiwa kimejaza, uwezo wake ni watu 101, wakafa zaidi ya 220. Rais Magufuli akatangaza maombolezo siku 4. Ziwa ni lilelile na kosa ni lilelile, kujaza. Kama ingekuwepo siku moja kila mwaka ya kukumbushana, nani anajua. Hiyo ndo hoja yako, na inamgusa hata mtu wa Mtwara asiyejua ziwa letu linafananaje.

Lile swali lake la treni ya Dodoma na moto wa Morogoro lina uzito, usilipite pembeni. Mjibu kwamba hutaki kila ajali ipate siku yake, unataka siku moja ya wote waliokufa safarini, na 21 Mei iwe tarehe yake. Hapo hata aliyefiwa Dodoma anaingia ndani ya hoja yako badala ya kushindana na wewe.

Ila sasa kuna sehemu mimi na wewe tunapishana na nitakwambia tu. Sitaki iwe siku ya mapumziko. Siku ya kumbukumbu nataka sana, nimeitaka tangu nikiwa darasa la tano, lakini zipo siku tunazoadhimisha bila kufunga ofisi wala shule, Mashujaa tarehe 25 Julai watu wanaweka mashada na kazi zinaendelea, Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni nyie wenyewe mnaandamana na mabango asubuhi kukumbuka watoto wa Soweto. Na angalia sikukuu zinavyokuwa hapa kwetu, mkesha wake nenda Kirumba au nenda kwenye boti za Ukerewe uone watu wanavyogombania nafasi kwenda makwao. Tuwape watu siku ya kusafiri ili wawakumbuke waliokufa kwa kujazana? Mimi ningetaka siku ya kazi kabisa, siku ambayo kila kivuko na kila boti ziwa zima haing'oi nanga mpaka kila abiria kaandikwa jina, hata mtoto wa mgongoni, hata aliyekaa juu ya magunia, na kila mmoja kavaa jaketi okozi. Waandikwe majina. Hicho ndo alichonyimwa babu yako.

Najua mada inasema mapumziko na wewe umepangwa kuunga mkono, kwahiyo utetee upande wako kwa nguvu zako zote, ila ujue upande wa pili wakikuletea hili la boti utakuwa unalijua tayari. Na swali lako la mwisho, hapana, hukukosea kuitaka ile siku. Uliitaka kwa haki.

Kitu cha mwisho ni cha haraka. Tarehe 21 mwaka huu ni alhamisi, siku ya masomo, na bibi kama kawaida yake ataenda Igoma. Andika barua ya ruhusa sasa hivi, mama asaini, mpelekee mwalimu wa darasa wiki moja kabla ili siku hiyo pasiwe na mtu wa kukuita mtoro. Asubuhi amka mapema umchukulie maji ya kunywa na kile kigoda cha kukalia maana pale atakaa muda mrefu na magoti yake sio ya zamani. Akisema anataka kwenda peke yake mwache aende, ila akute umeshavaa.